Kumzoesha baji mpaka aje mkononi mwenyewe

Baji ni kasuku mdogo wa Australia, mwenye urefu wa kama sentimita 18 na uzito wa gramu 30 hadi 40. John Gould alimpeleka Uingereza mwaka 1840, na wanaouzwa madukani leo ni wa kuzalishwa tunduni, kizazi baada ya kizazi. Hofu yao ya porini haijaisha. Kwa baji, kitu kinachomshukia ghafla kutoka juu ni kipanga, na mkono unaoingia tunduni kumkamata hauna tofauti na kipanga. Ukimshika kwa nguvu mara moja, kazi ya siku nyingi inarudi mwanzo. Kwa hiyo katika kila hatua yeye ndiye anayeufuata mkono, mkono haumfuati yeye.

Chukua kinda wa wiki 6 hadi 8. Utamjua kwa mistari myeusi inayoshuka pajini hadi karibu na pua, na macho meusi yasiyo na duara jeupe. Mistari hiyo hutoka pajini anapobadili manyoya mara ya kwanza, akiwa na miezi 3 au 4. Wa njano tupu au weupe tupu hawana mistari, hao wapime kwa duara hilo la macho. Aliyejikunyata, amefura manyoya na mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi ni mgonjwa. Usimchukue kwa huruma ukidhani mafunzo yatamchangamsha.

Tundu liwe na upana wa sentimita 60 au zaidi, maana baji huruka kwenda mbele, si kupanda juu. Nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita 1.2. Vijiti vya kutulia vikate kwenye mpera, vyenye unene wa sentimita 1.2 hadi 1.5, visilingane, ili miguu isichoke mahali pamoja. Liweke kwenye usawa wa macho yako, upande mmoja ukiwa ukutani, sebuleni lakini mbali na jikoni. Kikaango kisichoshika chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache. Udi, ubani na dawa ya mbu ya kuwasha pia ni hatari kwa mapafu yake. Nyumba inayofukizwa kila Ijumaa impe baji chumba kingine siku hiyo, na moshi uishe kabisa kabla ya kumrudisha. Toa kioo cha kujitazamia, maana baji anayekipenda kioo hana haja na wewe.

Siku 3 hadi 7 za kwanza usimguse. Badilisha maji na chakula taratibu, keti karibu, ongea kwa sauti ya chini. Akianza kula na kujichambua manyoya ukiwa palepale, yuko tayari.

Zawadi ya mafunzo iwe suke la uwele, na alipate kwenye mafunzo tu. Wengi wanakosea hapa: wanaliacha suke tunduni kutwa, kisha wanashangaa ndege haujali mkono. Wakati mzuri ni asubuhi, kabla hujarudisha bakuli la punje ulilolitoa usiku. Usimnyime chakula zaidi ya hapo. Mwili wa gramu 35 hauna akiba, na ndege mwenye njaa kali hujifunza hofu.

Shika suke refu, mkono ukiwa nje ya mlango na ncha ya suke ikiwa ndani, kisha tulia. Dakika 5 zinatosha, mara 2 au 3 kwa siku. Akila bila kusita, shika suke karibu na ncha, siku inayofuata karibu zaidi, mpaka ale huku vidole vyako vikigusa punje. Soma mwili wake muda wote. Manyoya yakibana mwilini, shingo ikirefuka na akawa mwembamba kama penseli, umekwenda haraka. Rudisha mkono pole pole hadi alipokuwa ametulia. Akilegeza manyoya na kusagasaga mdomo, endelea.

Sasa weka kidole cha shahada kilale kama kijiti, chini kidogo ya tumbo lake, juu tu ya miguu, na suke mbele yake kwa mbali kiasi kwamba hawezi kulifikia bila kukanyaga kidole. Usimsukume tumboni. Kumsukuma humfanya apande kwa kupoteza mizani, na siku atakayoweza kukataa atakataa. Mguu mmoja ukigusa kidole, sema neno lako la sifa, fupi na lilelile daima, mpe punje ndani ya sekunde moja. Kuchelewa kunamfundisha kitu kingine kabisa: labda alikuwa amegeuza kichwa, naye ataamini ndicho ulichokilipa. Neno "panda" liongeze akishazoea kupanda, si kabla, la sivyo litakuwa kelele tu.

Akiuma, usivute mkono ghafla, usimpulizie, usimtikise. Mkono ukiruka, amejifunza kwamba kuuma kunaondoa mkono. Tulia, mteremshe kijitini, rudi hatua moja nyuma. Glavu usivae kabisa, kwani atazoea glavu na kuogopa ngozi.

Kwa anayeogopa vidole kupita kiasi, tumia kijiti cha mishikaki kilichokatwa ncha kali. Kinyooshe hadi akiguse kwa mdomo, sifa, punje. Akishaelewa, kijiti kinamwongoza popote: kushuka, kuzunguka, kuingia tunduni, hatimaye kupanda mkononi. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia bora hata kwa ndege jasiri, maana inampa kazi anayoielewa.

Mtoe tunduni pale tu anapopanda kidole bila suke kuonekana. Kabla ya hapo zima feni ya darini, funga mapazia na madirisha, funika ndoo na sufuria. Usimfukuze kumrudisha. Rudisha bakuli tunduni, onyesha suke, subiri. Akizoea, mwite kutoka sentimita 20, kisha nusu mita, kisha upande wa pili wa chumba, ukimlipa kila anapofika.

Kuongea kunakuja mwishoni, na madume ndio wepesi zaidi. Kwa kawaida dume mzima ana ngozi ya bluu juu ya mdomo, jike ya kahawia. Baji mmoja wa California, Puck, aliyekufa mwaka 1994, aliingia kwenye rekodi za Guinness kwa maneno 1,728. Chagua neno fupi lenye k, t, p au ch, kama "karibu" au "kuku", liseme kwa sauti nyembamba na uchangamfu, redio ikiwa imezimwa, asubuhi na jioni. Atalitamka haraka, kwa kunong'ona, likichanganyika na milio yake, hivyo sikiliza anapojiongelesha peke yake kabla ya usingizi. Baji wawili pamoja huongea wao kwa wao; ukitaka maneno, fuga mmoja, na uwe na saa kadhaa za kukaa naye kila siku. Usipokuwa nazo, mnunulie mwenzake na usahau maneno.