Subaru WRX ya mtumba: kagua hivi kabla ya kulipa

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi.

Injini ya EJ20 (ya lita mbili) yenye tabo iwashwe ikiwa baridi. Mlio mwepesi wa kugonga unaopotea injini ikipata joto mara nyingi ni pistoni, unavumilika. Mlio mzito unaozidi ukikanyaga mafuta ni beringi za konrodi, mikono inayounga pistoni na krenki: hapo achana nayo, hata bei iwe tamu kiasi gani. Chanzo mara nyingi ni oili kupungua bila mtu kuchungulia stiki.

Kisha panda nayo kutoka Moshi hadi Marangu, mkiwa watu wanne. Mlima ndio unaofichua ubovu wa gasketi ya hedi, inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Mkifika, iache ingurume na utazame chupa ya kulanti (maji ya kupoza injini): mapovu yasiyokoma, au harufu ya eksozi humo, maana yake gesi ya silinda inapenya kwenye kulanti. Ukikuta maji matupu ya bomba, tegemea kutu ndani ya rejeta.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugonga pistoni. Hakuna risiti? Hesabu haujabadilishwa, na upunguze bei.

Fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Silinda zote nne zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi.

Matairi nayo yawe ya saizi moja na yamelika sawasawa, la sivyo difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inaumia. Shokapu na bushi zimechoka? Matuta yetu hayo, ni vitu vya kubadilisha tu.