Cheti cha meneja wa mradi kipime kazi, sio kukariri
Kama chama chenu kinataka kutoa cheti cha mameneja wa miradi, msianze na mtihani jamani, anzeni na kazi yenyewe. Kaeni na wazoefu wa ujenzi, wa maji, wa tehama, waulizeni wanafanya nini tangu mradi unaanza mpaka unakabidhiwa, halafu kila jambo liandikwe kama kitu kinachoonekana. "Anaelewa hatari" haipimiki. "Ana rejista ya hatari, kila hatari ina mtu wake, anaipitia na timu kila mwezi" hiyo unaiona.

Ngazi za cheti igeni tu, IPMA (shirikisho la kimataifa la vyama vya usimamizi wa miradi) wanazo nne, D ya wanaoanza mpaka A, na ukipanda unaulizwa umefanya nini kwenye miradi halisi.

Ushahidi ndo moyo wa kitu chote, mtu alete ratiba, bajeti, barua za kubadilisha mkataba, afu wapimaji wawili wamhoji: simenti ilipochelewa uliamua nini, kwa nini, nani ulimwambia? Wapimaji nao wafundwe, faili moja kila mpimaji aliwekee maksi kivyake kisha walinganishe. Na aliyemfundisha mtu asimpime, hilo msilegeze hata kidogo.