Chipu ziwe za mwisho

Ukimaliza kulehemu moduli ya Eurorack (kipande kimoja cha sinthesaiza ya kuunganisha vipande), usichomeke chipu bado. Acha soketi tupu, washa umeme, kisha shika mita: waya mweusi kwenye ardhi ya saketi (0V), mwekundu kwenye soketi. Kwa chipu ya kukuza mawimbi ya sauti, TL072, mguu wa 8 usome karibu +12V na wa 4 karibu -12V. Namba zikigeuka, zima upesi, utepe wa nyaya za umeme umeuchomeka kinyume. Ule mstari mwekundu wa utepe ni upande wa -12V, na si kila bodi imeandikwa upande huo.

Mimi niliunguza chipu mbili kwa haraka ya kusikia sauti. Harufu yake naikumbuka mpaka leo. Sasa naweka pia daiodi mbili za 1N5817, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, ili utepe ukigeuzwa chipu zisiungue: kwenye +12V mstari uliochorwa kwenye daiodi unaelekea saketi, kwenye -12V unaelekea umeme unakotoka.