Kitenge kijaribu nje, si chini ya taa

Ukienda Makoroboi, Mwanza, kununua kitenge, usiamini taa nyeupe za dukani. Zina ubuluu, na rangi ya haradali huelekea kijani. Mwombe muuzaji utoke nacho barazani kabla hakijakatwa. Kishike chini ya kidevu, kisha utazame uso, si kitambaa: weusi wa chini ya macho ukizidi au midomo ikipauka, rudisha. Inayokosea zaidi ni kahawia iliyokaribiana mno na ngozi yako, inakumeza. Umesuka rasta za damu ya mzee? Rangi ya machungwa itagombana nazo. Jaribu krimu au bluu iliyoiva. Ukiking'ang'ania tu kitenge kisichoupendeza uso, shona sketi, maana karibu na shingo ndipo rangi huharibu uso.