Kabla hujapeleka laivu kweri zako za kubaindi, pitia haya kwanza

Najua ushaambiwa sana usigundishe maneno ya mtumiaji moja kwa moja kwenye kweri, yaani ile amri ya SQL unayoipa databesi, weka alama ya kuuliza halafu ubaindi thamani yake, yaani uipitishe pembeni. Vizuri, umefanya. Sasa usitembee kifua mbele, maana hiyo imekukinga na wezi wanaopenyeza amri zao kwenye kweri tu, haijakukinga na wewe mwenyewe, na makosa mengi ya kubaindi hayapigi kelele.

Hesabu alama zako na hesabu thamani zako, ziwe sawa. Kwenye JDBC (njia ya Java kuongea na databesi) na SQLite kuhesabu kunaanzia 1, sio 0. Kama unatumia mysqli ya PHP angalia na zile herufi za aina, i ya namba kamili, d ya desimali, s ya maandishi na b ya data ghafi, kila moja ikae mahali pake. Namba ya simu sio namba jamani, ni maandishi, ukiiwekea i ile sifuri ya mbele imeenda na hairudi. Hela nazo usiziwekee d, senti zitaanza kucheza, tumia s na kolamu yenyewe iwe DECIMAL.

Jua pia visivyobaindika. Jina la jedwali, jina la kolamu, ASC na DESC za kupanga kupanda au kushuka, hivyo havipiti kwenye alama ya kuuliza. Ukiandika ORDER BY ? ukabaindi jina la kolamu, MySQL wala haikugombezi, inachukua lile neno kama maandishi ya kawaida yanayofanana kwa kila rekodi, kwa hiyo haipangi chochote na wewe unabaki unashangaa. Andika orodha ya kolamu unazoruhusu ndani ya programu, alichoomba mtumiaji kikiwa humo kitumie, kisipokuwemo kataa. Usije ukachoka ukaamua kuligundisha tu eti "ni jina la kolamu tu", mlango wenyewe ndio huo.

LIKE '%?%' haifanyi kazi, alama ikiwa ndani ya nukuu ni herufi kama herufi nyingine, asilimia ziweke kwenye thamani unayobaindi. IN (?) haibebi orodha nzima kwa alama moja, kila kitu na alama yake, na kuna kikomo, SQL Server ni parameta (hizo alama zako) 2100 na PostgreSQL ni 65535, halafu fikiria orodha ikiwa tupu itakuwaje. Ukibaindi NULL kwenye WHERE simu = ? hupati rekodi hata moja, hata kama zisizo na simu zimejaa, hapo inatakiwa IS NULL. Na watu wa PDO, njia nyingine ya PHP kuongea na databesi, ukipitisha thamani zote kama orodha ndani ya execute zinahesabiwa maandishi, kwa hiyo LIMIT ? kwenye MySQL inaweza kugeuka LIMIT '10' na ikagoma, tumia bindValue na PDO::PARAM_INT. Nimesema bindValue, sio bindParam. bindParam inashika kigeugeu chenyewe na inakuja kusoma kilichomo wakati wa execute, ukiizungusha kwenye foreach kolamu zote zinaishia kubeba thamani ya mwisho.

Haya, sasa hili ndilo nililotaka kulisema. Stetimenti, yaani kweri iliyokwisha kuandaliwa ikisubiri thamani, ina kumbukumbu.

Kuna timu moja niliona walichopitia. Walikuwa wanahamisha wateja kutoka kwenye faili kwenda databesi mpya kwa Java, na kazi yao ilikuwa safi tu ukiiangalia, stetimenti moja imeandaliwa nje ya lupu, ndani wanaseti jina, barua pepe na simu, halafu executeUpdate, mteja anayefuata. Ila kwenye simu kulikuwa na if (simu != null) ndio setString(3, simu), kama haipo programu inapita. Aliyeandika aliamini asiposeti kitu pale panakaa NULL. Hapakai! Kwenye JDBC thamani uliyoiseti inabaki palepale mpaka useti nyingine au uite clearParameters, kwa hiyo kila mteja asiye na simu alirithi simu ya aliyemtangulia kwenye faili, na wakifuatana watatu wasio nayo wote wanarithi ileile.

Kinachouma ni kwamba kama faili lingeanza na mteja asiye na simu ingegoma pale pale, draiva ingelalamika parameta ya 3 haina thamani na wangerekebisha kabla ya chai. Wa kwanza alikuwa nayo. Idadi ya rekodi ikatimia, majina yako sawa, logi kimya, watu wakapongezana. Waligundua pale jumbe za kukumbusha madeni zilipotoka na mtu akapiga akiuliza huyu mnayemwita kwa jina hili ni nani na mimi nadaiwaje. Kusafisha nako ikawa shughuli, huwezi tu kufuta simu zinazojirudia maana mtu na mkewe wanaweza kutumia namba moja kihalali, ikabidi warudi kwenye faili la zamani walinganishe upya mteja mmoja mmoja.

Dawa yake ni mstari mmoja tu, else setNull(3, Types.VARCHAR). Kila parameta, kila mzunguko, iseti, iwe ipo iwe haipo. SQLite nayo ina tabia hiyohiyo, sqlite3_reset hairudishi thamani kuwa NULL, unaita sqlite3_clear_bindings. Na data yako ya majaribio isiwe rekodi moja iliyonona, weka iliyojaa halafu inayofuata iwe na mapengo, kwa mpangilio huo huo, ukigeuza, kwenye SQLite hutaliona tatizo.

Mengine ya haraka haraka. Kama uko kwenye PHP iliyotangulia 8.0 PDO yako inanyamaza ikikosea mpaka uiambie irushe eksepsheni, iambie. Funga stetimenti ukimaliza, MySQL ina kikomo cha stetimenti zilizoandaliwa kwa seva nzima, 16382 usipokibadilisha, na programu inayoandaa bila kufunga itakifikia tu siku wateja wamejaa. Usiandae ndani ya lupu kama kweri ni ileile. Usisahau commit, ile amri ya kuthibitisha mabadiliko yahifadhiwe. Thamani unazobaindi usizimwage zote kwenye logi, humo mna nywila za watu. Akaunti ya programu isiwe na ruhusa ya DROP, ya nini? Na bakapu uwe umeshaijaribu kuirudisha, sio kuona tu faili lipo kwenye folda ukaridhika.