Pawa saplai ya kompyuta ya nyumbani: kuichagua, kuipima na kuitunza

Kabla hujanunua chochote chuchumaa kwanza nyuma ya kompyuta yako, pale waya wa umeme unapochomekwa, uangalie kama kuna kaswichi kadogo kekundu kameandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Pawa saplai (lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta) za siku hizi nyingi hazinako, zinajirekebisha zenyewe, ila za zamani za mtumba zinako, na zile zilizotoka Marekani saa ingine zinafika kaswichi kakiwa kwenye 115 manake kwao ukutani ni 120, huku kwetu Tanzania ni 230 na Kenya 240. Ukiwasha hivo hivo ni paa moja tu, moshi, na harufu kama ya samaki aliyeungulia kwenye sufuria.

Naijua hiyo harufu vizuri. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi mama mmoja mtu mzima aliniletea kompyuta nimwekee Windows, nikaichomeka kwa haraka bila kuangalia nyuma, ikalipuka mkononi. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ndo umetengeneza au umeua?" Nikajikuta namwamkia shikamoo mara ya pili. Pawa nyingine nilinunua kwa hela yangu, na tangu siku hiyo kaswichi ndo hatua ya kwanza hata kama mteja ana haraka.

HATUA YA 2: jua mashine yako inakula wati ngapi

Watu wanakuja na "fundi nipe ya 700 ili mashine iwe na nguvu". Haiko hivo. Pawa haisukumi umeme, mashine ndo inachota inachohitaji, ni kama simtank, la lita elfu moja halikufanyi unywe maji zaidi ya la lita mia tano. Kompyuta ya ofisini ya kawaida, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i5, ya kuchapa barua na kuangalia YouTube bila kadi ya grafiksi (ile ya kuongeza nguvu ya picha na gemu), mara nyingi haifiki hata wati 100. Ukiweka kadi kama GTX 1650 ongeza wati 75. RTX 3060 yenyewe peke yake ni 170 na NVIDIA, wenye kadi hizo, wanashauri pawa ya 550. Mi nachofanya najumlisha prosesa na kadi na vitu vidogo vidogo afu naongeza kama theluthi juu yake, kwisha, manake pawa inayofanya kazi kwenye mwisho wa uwezo wake muda wote inachemka na haidumu.

HATUA YA 3: soma stika, achana na boksi

Hapa ndo penyewe. Pembeni ya pawa kuna stika yenye jedwali, kuna 3.3V, 5V, 12V na vingine vidogo, na chini ya kila moja wameandika ampia (A), yaani kiasi cha mkondo wa umeme inachoweza kutoa. We angalia 12V tu kwanza kwasababu prosesa na kadi ya grafiksi vyote vinakula hapo. Zidisha 12 mara hizo ampia, jibu ndo nguvu ya kweli ya hiyo kitu.

Majuzi kaja dogo mmoja wa chuo na pawa mpya kabisa, boksi limeandikwa 500W kwa herufi za dhahabu, kanunua elfu 25 na anataka nimfungie na 3060 yake aliyojibana kwa miezi kadhaa. Nikampa aisome mwenyewe.

"Kwenye 12V pameandikwaje?"

"14A, bro."

"Zidisha."

Akatoa simu akapiga hesabu. 168. Kadi yake peke yake ni 170, hapo prosesa haijagusa kitu. Akageuza risiti, nyuma wamepiga muhuri mali ikishauzwa hairudishwi.

Pawa ya 500 ya kweli 12V yake utaikuta 38A na kuendelea. Na ipime kwa mkono pia, ukiinyanyua ikawa nyepesi kama pakiti ya biskuti ujue ndani wamebana, vyuma vya kupoza joto ni vidogo na koili za kuchuja umeme zimerukwa, ukichungulia kwa tochi kwenye matundu ya feni unaona kabisa ubao una nafasi tupu ambazo zilitakiwa ziwe na kitu.

Mstari mwingine ambao hamna anayeusoma ni ule wa INPUT. Ikiandikwa 100-240V chukua hiyo. Kuna zingine zimeandikwa 200-240V, sasa wewe unakaa mtaa ambao saa moja jioni watu wote wamewasha mafriji na pasi, umeme unashuka hadi taa zinakuwa nyekundu, hiyo ya 200 itakuwa inazima zima kila siku na utalaumu Windows. Kwangu mimi huu mstari una maana kuliko ile beji ya 80 PLUS. Beji ni nzuri, inakwambia kwamba umeme unaovutwa ukutani walau asilimia 80 unafika kwenye mashine badala ya kupotea kama joto, ila haikwambii pawa ni imara kiasi gani. Beji ina ngazi zake, Bronze inatosha nyumbani. Gold nunua kama mashine iko on kutwa nzima na unaona unit za LUKU zinavoyeyuka.

HATUA YA 4: hakikisha plagi zinaingia

Pawa ya kawaida ina plagi kubwa ya pini 24 ya madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) na ingine ya pini 4 au 8 ya prosesa. Sasa hizi Dell OptiPlex za mtumba zilizojaa mitaani, mfano 9020, madabodi yake inataka plagi ya pini 8 ya kwao wenyewe, kwahiyo fungua keisi upige picha kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo. Kuna adapta za 24 kwenda 8, zinafanya kazi, ila kwenye zile OptiPlex ndogo za kulazwa mezani hata boksi lenyewe la pawa ya kawaida haliingii. Za pini 6 za kadi ya grafiksi usiunganishe kwa vikonekta vya bei rahisi vya kutoka kwenye waya wa hadidiski, nimeshatoa vingi vimeyeyuka hadi plastiki imekuwa ya kahawia.

HATUA YA 5: ipime kabla ya kuifunga

Pawa ikiwa peke yake mezani, haijaunganishwa na kitu na haijachomekwa ukutani, chukua klipu ya karatasi uikunje iwe kama U, upande mmoja kwenye tundu la waya wa kijani wa ile plagi ya 24, upande wa pili kwenye mweusi wowote (kama nyaya zote ni nyeusi tafuta mchoro wa pini kwanza, usibahatishe). Achia mkono ndo uchomeke na kuwasha. Feni ikizunguka ipo hai, japo zingine feni inasubiri joto kwahiyo usiikatie tamaa. Afu multimita (kifaa cha kupimia volti) iweke kwenye DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye wa njano: unataka kati ya 11.4 na 12.6. Wa rangi nyekundu uwe kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo rudisha dukani, kama wanapokea.

Kitu ambacho sitaki kabisa uguse: usifungue boksi la pawa. Hata ukiwa umeichomoa kapasita kubwa za ndani (vile vikopo vinavyotunza umeme) zinaweza kubaki na volti 300 na kitu, na hizo hazikupigi ukasema "ai", zinakutupa. Wale wanaofungua wabadilishe feni wana uzoefu, wewe ukisikia feni inakwaruza leta kwa fundi.

HATUA YA 6: umeme wa ukutani

Ukigusa keisi ya chuma na miguu peku ukahisi inakupiga kidogokidogo, nyumba haina ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) au waya wake umekatika, mwite fundi umeme. Na zile adapta za kugeuza plagi ya pini tatu kuwa mbili zinaua ethi hiyo hiyo. Ekstensheni ya kompyuta isiwe na pasi wala jagi la kuchemshia maji.

Umeme ukikatika zima swichi ya nyuma ya pawa au chomoa, usisubiri. Kwa nilivoona mimi nyingi hazifi wakati wa kukatika, zinafa wakati wa kurudi, umeme unakuja, unapotea, unakuja tena juu kuliko kawaida, ndani ya sekunde chache. Subiri kama dakika 5 umeme utulie ndo uchomeke. Fridge guard inakufanyia hiyo kazi ya kusubiri, ni bei ndogo na watu wanaiwekea friji wanaisahau kompyuta.

UPS (boksi lenye betri linaloshika kompyuta umeme ukikatika) ukiweza nunua. Ya 650VA usidhani ni wati 650, nyingi zinabeba kama 360 hivi, soma nyuma. Ni ya kukupa muda wa kusevu kazi na kuzima, sio ya kumalizia gemu, na printa ya leza usiichomeke huko. Ila kuna mtego: UPS za bei rahisi zikihamia kwenye betri zinatoa umeme wenye ngazi ngazi, na baadhi ya pawa nzuri za kisasa zinaukataa huo umeme zinazima papo hapo. Kwahiyo ukiwa bado dukani omba wachomeke mashine yako, wakate umeme, uone.

HATUA YA 7: usafi

Kila miezi mitatu minne, kama unakaa barabara ya vumbi kila miezi miwili, chomoa kila kitu, toa keisi nje, puliza kwa bloa kutokea upande wa feni huku umeizuia feni kwa njiti ya kiberiti isizunguke. Usipulize kwa mdomo, mate. Matundu ya nyuma ya keisi yaliyo wazi yazibe kwa kipande cha wavu wa dirisha, nimeshatoa mende wengi na mijusi miwili waliojibanika ndani ya pawa, mmoja alikuwa amekauka katikati ya pini mbili na ndo alikuwa amepiga shoti yote.

Betri ya UPS nayo inachoka, kwenye joto la Dar mi nategemea miaka miwili au mitatu, kwahiyo siku unayoiweka chukua maka pen uandike tarehe juu yake, na kwenye pawa saplai pia, ubavuni, pale ambapo fundi anayekuja kufungua ataiona.