Kumtazama nyangumi anayehama bila kumsumbua

Nyangumi wa nundu wa kusini mwa dunia hufika pwani za tropiki kuzaa na kupandana, hasa Julai hadi Oktoba. Ingia baharini alfajiri: upepo ukizidi, mawimbi huvunjika kwa povu jeupe na pumzi ya nyangumi haionekani tena. Jua liwe mgongoni.

Chukua darubini ya macho mawili ya 7x50, yaani inayokuza mara 7, yenye lenzi za mbele za milimita 50. Ya 10x huvuta zaidi, lakini chomboni hutikisika mno. Ila kwanza tafuta kwa macho matupu, ukipitisha jicho polepole kwenye upeo. Unachotafuta ni wingu la mvuke lenye urefu wa mita 3 hivi. Akiinua mkia anazama kwa kina. Subiri dakika 5 hadi 15, injini isivume.

Kosa kubwa la manahodha ni kumfuata kwa nyuma au kumkatia njia mbele. Mkaribie kwa ubavu, sambamba naye, taratibu, mkibaki mita 100 au zaidi. Mama mwenye mtoto mpeni mita 300: hali chakula chochote msimu huu, na kila akikimbizwa anaunguza mafuta yanayotengeneza maziwa.